Seva ya barua pepe ya kampuni haitumi barua nje: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya seva ambayo kampuni inaiendesha yenyewe, na dalili yake ni moja: barua zinaingia, za ndani zinafika, ila zinazokwenda nje hazimfikii mtu. Amri nyingi hapa ni za Postfix, programu ya seva ya barua, kwenye Linux, kwa kuwa ndiyo inayokutana na wengi. Palipo na tofauti ya maana, Exim na Microsoft Exchange zimetajwa. Katika mifano, kikoa ni kampuni.example na anwani ya IP ya seva ni 203.0.113.25. Weka vya kwako.

Barua zinaingia vizuri. Kwa nini zisitoke, na seva ni hiyo hiyo?

Kwa sababu kuingia na kutoka ni kazi mbili tofauti. Barua inapoingia, seva yako inakaa na kusubiri wengine waje kwenye poti 25. Inapotoka, seva yako ndiyo inayokwenda kubisha hodi: inauliza DNS (daftari la majina ya intaneti) rekodi ya MX ya mpokeaji, yaani jina la seva inayompokelea barua, inafungua muunganisho kwenye poti 25 ya huko, inajitambulisha kwa EHLO, inaanzisha usimbaji fiche kwa STARTTLS, inataja mtumaji kwa MAIL FROM na mpokeaji kwa RCPT TO, kisha inatuma barua yenyewe kwa DATA. Barua inaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo, na kila hatua ina sababu zake. Rekodi yako ya MX inaweza kuwa sahihi kabisa na isikusaidie chochote hapa, maana MX ni ya kupokelea.

Kazi yote ya kutafuta tatizo ni kujua barua imekwama hatua ipi. Seva inakuambia, ukiisoma.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye foleni na logi, kabla hujagusa faili lolote la usanidi na kabla hujaiwasha seva upya. Kuwasha upya mara chache hutibu kitu, na kunaweza kuanzisha majaribio mapya ya barua nyingi kwa pamoja, jambo linaloweza kukuongezea tatizo la pili.

Kwenye Postfix:

`postqueue -p`

inaonyesha kila barua iliyokwama na sababu yake chini yake. Logi iko `/var/log/mail.log` kwenye Debian na Ubuntu, `/var/log/maillog` kwenye familia ya Red Hat. Kama mafaili hayo hayapo, tumia `journalctl -t postfix/smtp`. Kwenye Exim ni `exim -bp` kwa foleni na `exim -Mvl` ikifuatwa na namba ya barua kwa historia yake. Kwenye Exchange:

`Get-Queue | Format-List Identity,Status,MessageCount,LastError`

Hapo soma LastError. Ndiyo yenye neno la mwisho lililosemwa na upande wa pili.

Mstari wa logi wa Postfix una mengi kuliko watu wanavyodhani. Tuuangalie mmoja:

`postfix/smtp[2214]: 9C1F24012A: to=<mauzo@mteja.example>, relay=none, delay=1873, delays=1843/0.02/30/0, dsn=4.4.1, status=deferred (connect to mx1.mteja.example[198.51.100.7]:25: Connection timed out)`

`relay=none` maana yake hakuna seva iliyopatikana hata ya kuzungumza nayo. Namba nne za `delays` ni sekunde: muda uliopita kabla ya barua kushikwa na meneja wa foleni, muda ndani ya meneja huyo, muda wa kufungua muunganisho (DNS, EHLO na TLS, yaani usimbaji fiche, vimo humo), na muda wa kusafirisha barua yenyewe. Hapa ya tatu ni 30, ambayo ndiyo kikomo cha kawaida cha Postfix cha kusubiri muunganisho. Kwa mstari huu pekee unajua kwamba DNS imejibu, maana anwani ya IP imepatikana, na kwamba tatizo liko njiani. Nenosiri, SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa) na cheti havihusiki, kwa sababu mazungumzo hayajaanza.

Usipoiona barua kabisa kwenye logi, basi haijafika kwenye seva. Tatizo liko kati ya kompyuta ya mtumiaji na seva: jina la seva, poti 587 au 465, au nenosiri.

Namba za 4 na za 5 zina tofauti gani?

Jibu linaloanza na 4, mfano 421, 450 au 451, ni la muda: seva yako itajaribu tena. Linaloanza na 5, mfano 550 au 554, ni la kudumu: barua inarudishwa kwa mtumaji papo hapo. Postfix ikiachwa kama ilivyo hujaribu tena kwa vipindi vya sekunde 300 hadi 4000, na hukata tamaa baada ya siku 5. Ndiyo maana kampuni inaweza kukaa siku kadhaa ikidhani barua zimekwenda, kisha siku moja watu wakapokea rundo la barua zilizorudi. Mwezi wa mwisho wa mahesabu si wakati mzuri wa kuligundua hilo. Weka uangalizi wa urefu wa foleni.

Jibu la 450 au 451 kwa mpokeaji mmoja tu, hasa mara ya kwanza mnaandikiana, mara nyingi ni la makusudi. Baadhi ya seva humkataa kwa muda mtumaji zisiyemfahamu, kisha humpokea akirudi baada ya dakika kadhaa. Subiri, usibadilishe kitu.

Kila mpokeaji anatoa "Connection timed out". Nini kimezuia?

Karibu kila mara ni poti 25 kufungwa njiani. Pima kutoka kwenye seva yenyewe, kwa wapokeaji watatu wasiohusiana:

`nc -vz -w 5 gmail-smtp-in.l.google.com 25`

Zote zikinyamaza hadi muda uishe, kuna mahali pakiti zinatupwa kimya. Zikijibu `Connection refused`, kuna kitu kinachokataa waziwazi, aghalabu faiwoli yenu. Mmoja akikataa na wengine wakakubali, shida si yenu.

Kisha tafuta pa kuanzia kuzibwa: `traceroute -T -p 25` kwa mpokeaji huyo huyo, na linganisha na `traceroute -T -p 443`. Ile ya 25 ikiishia hatua ya kwanza, angalia faiwoli ya seva na ruta yenu. Ikiishia kwa mtoa huduma wa intaneti, piga simu huko.

Watoa huduma wengi hufunga poti 25 ya kutoka ili kompyuta zilizoambukizwa zisitume barua taka. Kwenye wingu ni hivyo pia: Google Cloud huizuia kwenda nje, na AWS huifunga kwa kawaida mpaka uombe ifunguliwe. Hali hii hujitokeza sana pale kampuni inapohamisha seva au kubadilisha mtoa huduma wa intaneti: usanidi haujaguswa, na barua zimekoma siku ile ile. Njia ni mbili, kuomba poti ifunguliwe au kupitishia barua kwa seva nyingine kwenye poti 587.

Kuna sura nyingine ya tatizo hili. Muunganisho unafunguka, lakini salamu ya seva ya mbali inaonekana kama `220 **********`, na mahali pa STARTTLS pana `XXXXXXXA`. Hiyo ni faiwoli inayochungulia mazungumzo ya SMTP, yaani lugha ya seva za barua, na kuyafuta. Cisco ASA ikiwashwa ukaguzi wa ESMTP hufanya hivyo. Zima ukaguzi huo kwa barua zinazotoka.

Nitawekaje seva ya kupitishia barua kwenye Postfix?

Kwenye `/etc/postfix/main.cf`:

```
relayhost = [smtp.mpitishaji.example]:587
smtp_sasl_auth_enable = yes
smtp_sasl_password_maps = hash:/etc/postfix/sasl_passwd
smtp_sasl_security_options = noanonymous
smtp_tls_security_level = encrypt
```

Kwenye `/etc/postfix/sasl_passwd` andika mstari mmoja:

```
[smtp.mpitishaji.example]:587 jina:nenosiri
```

Kisha `chmod 600 /etc/postfix/sasl_passwd`, `postmap /etc/postfix/sasl_passwd`, na `postfix reload`.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na makosa ni yale yale. Mabano ya mraba huzuia Postfix kuuliza MX ya jina hilo. Ukiyaweka kwenye faili moja na kuyaacha kwenye jingine, nenosiri halipatikani na unajibiwa kwamba uthibitisho unahitajika. Ukisahau `postmap` baada ya kubadilisha nenosiri, Postfix inaendelea kutumia la zamani. Logi ikisema `no mechanism available`, kifurushi cha SASL (mfumo wa kuthibitisha jina na nenosiri) hakipo: weka `libsasl2-modules` kwenye Debian, au `cyrus-sasl-plain` kwenye familia ya Red Hat. Mfumo ukilalamika kwamba haujui `hash`, endesha `postconf -m` uone aina zilizopo, kisha tumia `lmdb` mahali pake. Na ukitaka poti 465 badala ya 587, ongeza `smtp_tls_wrappermode = yes`, maana kwenye 465 usimbaji huanza kabla ya neno la kwanza; bila hiyo kila upande unamsubiri mwenzake mpaka muda uishe.

Jibu la `535` ni nenosiri au jina kukataliwa. Kwa akaunti za Google, nenosiri la kawaida la mtu halikubaliki tena kwenye programu za aina hii. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha utengeneze nenosiri la programu, lenye herufi 16.

Kuhakikisha nenosiri bila kuisumbua Postfix:

`openssl s_client -starttls smtp -crlf -quiet -connect smtp.mpitishaji.example:587`

Usiache `-quiet`. Bila hiyo, mstari unaoanza na R kubwa, kama vile `RCPT TO`, openssl huuchukua kuwa amri yake ya kuanzisha upya makubaliano ya TLS, na wewe utadhani seva imekukatia. Ukitengeneza maneno ya AUTH PLAIN, tumia `printf '\0jina\0nenosiri' | base64`. Amri ya `echo` huongeza mstari mpya mwishoni na nenosiri sahihi likaonekana baya. Kumbuka base64 si siri: ukiomba msaada kwa mtu, futa mstari huo kwanza.

Logi inasema "Host or domain name not found".

Hiyo ni DNS ya seva. Jaribu `dig mx mteja.example` ukiwa kwenye seva hiyo hiyo. Isipojibu, rekebisha `/etc/resolv.conf`.

Ikijibu vizuri na Postfix bado inalalamika, angalia mahali ambapo watu hawaangalii. Kwenye Debian na Ubuntu, sehemu za Postfix zinaweza kuwa zinafanya kazi zimefungiwa ndani ya `/var/spool/postfix`, na zinasoma nakala yao wenyewe: `/var/spool/postfix/etc/resolv.conf`. Ukibadilisha seva ya DNS na nakala hiyo ikabaki ya zamani, `dig` itafaulu huku Postfix ikishindwa. `systemctl restart postfix` kwa kawaida huinakili upya. Hakikisha kwa `diff` ya mafaili mawili.

Watumiaji wanapata "Relay access denied".

Seva yenu ndiyo inayowakataa, haijatoka hata nje. Haimtambui mtumaji kuwa wenu: hajaingia kwa jina na nenosiri, au anwani yake haimo kwenye `mynetworks`, orodha ya anwani zinazoaminiwa. Kwenye programu ya barua washa uthibitisho kwa ajili ya kutuma na utumie poti 587. Printa na mashine za kuskani zisizoweza kuingia kwa nenosiri, ziweke kwenye `mynetworks` kwa anwani zao moja moja.

Usiandike `0.0.0.0/0` humo, hata kwa majaribio. Seva inayopitisha barua za yeyote hugunduliwa upesi na watuma barua taka, na kusafisha jina la anwani yenu kutachukua muda mrefu kuliko tatizo la mwanzo.

Tunakataliwa kwa sababu IP yetu iko kwenye orodha ya kuzuia. Tuombe kuondolewa?

Bado. Kwanza jua ni orodha ipi na kwa nini. Jibu la kukataliwa kwa kawaida huitaja. Kwa Spamhaus, mmoja wa watunza orodha hizo, geuza namba za IP na uulize:

`dig +short 25.113.0.203.zen.spamhaus.org`

Kimya ni salama. `127.0.0.2` ni orodha ya SBL na `127.0.0.3` ni ya CSS, zote za vyanzo vya barua taka; `127.0.0.4` ni XBL, ambayo huashiria mashine iliyoambukizwa au kutekwa. `127.0.0.10` na `127.0.0.11` ni PBL, na hiyo si shutuma: inasema tu kwamba anwani hizo, kama za intaneti ya majumbani, hazitakiwi kutuma barua moja kwa moja. Kama IP yenu ni ya kudumu na ya biashara, omba itolewe huko. Kama si hivyo, tumia seva ya kupitishia. Ukipata `127.255.255.254`, hilo si jibu la kuorodheshwa. Umeuliza kupitia DNS ya umma ambayo Spamhaus haiijibu. Uliza kupitia DNS yako.

Kwa SBL, CSS na XBL, ukiomba kuondolewa kabla chanzo hakijazibwa utarudishwa, na safari ya pili ni ngumu zaidi. Angalia pia kama ofisi nzima inatoka kwa IP moja na seva. Kompyuta moja yenye virusi mezani kwa mtu inaweza kuchafua anwani ambayo seva safi inaitumia. Zuia kwenye ruta poti 25 ya kutoka kwa kila mashine isipokuwa seva ya barua.

Foleni ina maelfu ya barua ambazo hatukuziandika.

Akaunti au tovuti imetekwa. Simamisha kwanza, chunguza baadaye:

`postsuper -h ALL`

Amri hii inazishikilia zote bila kuzifuta, kwa sababu barua halali za kampuni zimo katikati ya hizo taka. Kisha tafuta nani anatuma:

`grep -o 'sasl_username=[^, ]*' /var/log/mail.log | sort | uniq -c | sort -rn | head`

Jina lililo juu kwa mbali sana ndilo lililoibiwa. Badilisha nenosiri lake na uwashe upya Dovecot (programu ya masanduku ya barua) na Postfix ili vipindi vilivyo wazi vikatike. Ukibadilisha nenosiri peke yake, aliyekwisha ingia anaweza kuendelea mpaka muunganisho wake ufungwe.

Kama hakuna jina linalojitokeza, barua zinazaliwa ndani ya seva yenyewe, mara nyingi kutoka kwenye tovuti. Fungua moja kwa `postcat -q` na namba yake, uangalie vichwa. Kama `mail.add_x_header` imewashwa kwenye PHP, utaona `X-PHP-Originating-Script` ikiwa na jina la faili lililotumika.

Kufuta za mtumaji huyo tu:

`postqueue -j | jq -r 'select(.sender=="jina@kampuni.example") | .queue_id' | postsuper -d -`

Futa pia zile ambazo mtumaji wake ni mtupu, yaani taarifa za kurudishwa zilizozalishwa na taka hizo, kisha achia zilizobaki kwa `postsuper -H ALL`.

Gmail na Outlook zinatukataa, wengine wanapokea.

Hapa njia iko wazi. Kinachokosekana ni uthibitisho kwamba barua ni yenu kweli. Jibu la Gmail lenye `5.7.26` linasema hivyo hasa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM (saini ya kidijiti ya barua) na rekodi ya PTR (jina linalotokana na anwani ya IP) iliyo sahihi; Google inataka TLS pia. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC (maelekezo ya nini kifanyike uthibitisho ukishindwa) zote tatu. Microsoft ilifuata mwaka 2025 kwa watumaji wakubwa wa kiwango hicho hicho. Kwa kampuni ndogo pia, wekeni zote tatu. Hakuna sababu nzuri ya kuacha moja.

PTR ndiyo inayosahaulika, kwa sababu haiwekwi kwenye DNS ya kikoa chako. Anayeiweka ni mwenye anwani ya IP, yaani mtoa huduma; mwandikie akuwekee. `dig -x 203.0.113.25` itoe mail.kampuni.example, na `dig mail.kampuni.example` irudishe 203.0.113.25. Jina hilo hilo ndilo liwe `myhostname`. Seva inayojitambulisha kama `localhost.localdomain` hukataliwa na wengi bila maelezo.

Angalia IPv6. Seva ikipewa anwani ya IPv6 kimyakimya, Postfix inaweza kuanza kuitumia, na Gmail haipokei barua ya IPv6 isiyo na PTR. Dalili yake ni barua zinazofika leo na kukataliwa kesho. Weka `inet_protocols = ipv4`, kisha usimamishe na kuanzisha Postfix; `reload` haitoshi kwa kigezo hiki.

SPF iwe rekodi moja tu ya TXT:

`v=spf1 ip4:203.0.113.25 include:_spf.mpitishaji.example ~all`

Rekodi mbili za SPF ni kosa, na zote mbili huhesabika hazifai. Kosa hilo huingia pale mfumo wa mauzo au wa majarida unapoongezwa na mtu akabandika rekodi ya pili badala ya kuunganisha. Kikomo ni maulizo 10 ya DNS, na kila `include` inahesabiwa pamoja na zilizo ndani yake.

DKIM yenye ufunguo wa biti 2048 huzidi herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja cha TXT, hivyo igawanywe vipande kadhaa vyenye alama za kunukuu ndani ya rekodi moja. Pima kwa `opendkim-testkey -d kampuni.example -s jina_la_kiteuzi -vvv`. Neno `key not secure` lisikutishe, linahusu DNSSEC, yaani saini za usalama za DNS. Unachotafuta ni `key OK`. Kama Gmail inaonyesha `body hash did not verify`, kuna kitu kinachobadilisha barua baada ya kutiwa saini, kwa kawaida ni ile tahadhari ya kisheria inayobandikwa chini ya kila barua. Panga ibandikwe kabla ya saini.

DMARC anza nayo kwa upole kwenye `_dmarc.kampuni.example`:

`v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@kampuni.example`

Soma ripoti kwa wiki kadhaa ujue mifumo yote inayotuma kwa jina lenu, ndipo upande hadi `quarantine` na `reject`. Ukianza na `reject`, ankara kutoka mfumo wa uhasibu zinaweza kuwa za kwanza kutupwa.

Barua fupi zinakwenda, zenye viambatisho zinakwama.

Kama kuna jibu wazi la `552` au `message size exceeds`, ni kikomo cha ukubwa. `message_size_limit` ya Postfix kwa kawaida ni baiti 10240000. Kiambatisho huongezeka kwa zaidi ya theluthi moja kikisimbwa kwa base64, kwa hiyo faili la MB 8 tayari limegonga kikomo hicho.

Kama hakuna jibu bali logi inasema `lost connection while sending message body` au `timed out while sending end of data`, shuku MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa njiani. Pakiti kubwa hazipiti, na ujumbe wa ICMP (taarifa za mtandao wenyewe) unaosema hivyo umezuiwa na faiwoli iliyofunga ICMP yote. Pima kwa `ping -M do -s 1472` kwenda nje. Ikishindwa, punguza mpaka ipite. Ruhusu ICMP ya aina ya 3, au weka kikomo cha MSS (ukubwa wa data ndani ya pakiti) kwenye ruta. Hutokea zaidi kwenye PPPoE na VPN.

Mteja mmoja tu hapati barua zetu, na tunajibiwa "User unknown in local recipient table".

Seva yenu inadhani kikoa chake ni cha kwenu. Kiondoe kwenye `mydestination`, orodha ya vikoa ambavyo seva huvipokelea barua yenyewe. Hii hubaki baada ya kikoa kuhamishiwa huduma nyingine, au kwenye seva ya tovuti inayotuma kwa kikoa chake mwenyewe ambacho barua zake ziko kwingine.

Diski kujaa kunahusika?

Ndiyo. Postfix hukataa barua mpya kwa `452 4.3.1 Insufficient system storage` nafasi ikipungua chini ya mara moja na nusu ya `message_size_limit`. Angalia `df -h` na pia `df -i`, maana mafaili madogo mengi yanaweza kumaliza inodi (nafasi za kuorodhesha mafaili) huku nafasi ikionekana ipo. Exchange nayo hupunguza na hatimaye kusitisha mapokezi diski inapokaribia kujaa, bila huduma kuonekana imezimika.

Logi inasema status=sent na 250, lakini mpokeaji anaapa hajaipata.

Kwanza soma `relay=`. Ikiwa ni `127.0.0.1[127.0.0.1]:10024`, barua imefika kwenye kichujio chako tu. Tafuta mstari wa pili wa safari ya kutoka kichujioni kwenda nje, wenye namba nyingine ya foleni. Ikiwa `relay=` ni seva ya mpokeaji, wameipokea na dhamana ni yao. Mpe msimamizi wao saa, anwani mbili na maneno yote yaliyofuata 250. Mara nyingi humo mna namba ya foleni ya kwao, na kwa namba hiyo ataipata kwenye karantini au folda ya taka kwa muda mfupi.

Tumerekebisha. Tuiachie foleni yote?

Kama ni barua mia mbili tatu, `postqueue -f` inatosha. Kama ni maelfu, endesha kwanza `qshape deferred` uone zinakwenda vikoa gani na zina umri gani. Zilizopitwa na wakati, kama mialiko ya mikutano iliyokwisha na misimbo ya kuingilia iliyokufa, zifute. Kisha weka kwa muda `smtp_destination_concurrency_limit = 2` badala ya 20 ya kawaida, pamoja na `smtp_destination_rate_delay = 1s`, ufanye `postfix reload` na uiache foleni ijimalize yenyewe. Ukitumia seva ya kupitishia, weka kikomo hicho kwa kuzingatia kiwango anachokuruhusu kwa saa. Fuatilia logi kwa `tail -f` saa ya kwanza: `421` zikianza kurudi kutoka kwa mpokeaji mmoja mkubwa, ongeza `rate_delay` mpaka zikome, na urudishe thamani za kawaida foleni ikishaisha.